Kindle Paperwhite ukiisomea Bongo: kifaa kinastahili hela yake, duka lake sijui

Kila nikiitoa Kindle, kifaa cha kampuni ya Amazon, kwenye mwendokasi lazima jirani achungulie, kisha aulize hiyo tableti gani mbona haina rangi, ukimwambia ni ya kusomea vitabu tu swali la pili linakuwa bei na la tatu ni kama ina WhatsApp. Haina. Haina Instagram, haina kamera, haina laini ya simu, hata spika haina. Ni vitabu basi. Na kama unauliza inafaa kununua, kwangu mimi inafaa, ila sio kwa kila mtu na sio kwa yale wanayoyatangaza wauzaji, ndo maana naandika kwa urefu, maana reviu nyingi ukizitafuta zimeandikwa na watu wa Marekani na Uingereza, mtu anabonyeza kitufe kitabu kinaingia, hela inakatwa kwenye kadi kimya kimya, na Mmarekani akichoka kununua anaazima cha bure kutoka maktaba ya mji wao kwenye kifaa hichohicho. Huku kwetu hicho kitufe kina mambo yake.

Niweke msimamo mapema ili asiyependa marefu aondoke nao: kama mashine ya kusomea hamna simu wala tableti inayoisogelea. Kama duka la vitabu, kwa msomaji wa Kiswahili, ni duka la wenyewe, sisi tumeingia kuchungulia tu. Ukinunua, nunua ile mashine, duka liache hukohuko, halafu jifunze kuilisha vitabu mwenyewe. Hiyo ya kuilisha ndo sehemu ngumu na ndo watu wengi wanaishia kuitupa kabatini.

Ninayotumia ni Paperwhite ya 2021, ile ya inchi 6.8, GB 8, gramu 205, ina tundu la USB-C kwa hiyo chaja ya simu inaingia. Kuna mpya yake ya 2024 yenye inchi 7, ilitoka kwa dola 159.99, ambayo kwa hesabu ya shilingi ni kama laki nne kabla hujagusa usafiri na ushuru. Inageuza kurasa haraka zaidi, ni kweli, lakini aliye na ya 2021 asihangaike. Ya rangi nayo ipo, Colorsoft, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 279.99, hiyo kwa riwaya na vitabu vya maneno matupu sioni ya nini.

Sasa skrini. Hii ndo sababu ya kifaa chenyewe kuwepo. Sio skrini ya simu iliyopunguzwa mwanga, ni kitu kingine kabisa kinaitwa E Ink, teknolojia iliyotoka kwa watu wa MIT Marekani walioanzisha kampuni yao 1997. Ndani kuna vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kila kifuko kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti za umeme, umeme ukipita zinapanda nyeusi au zinapanda nyeupe, herufi inajichora. Utamu wake ni kwamba zikishapanda zinabaki palepale bila kula umeme hata kidogo, umeme unatumika pale tu unapogeuza ukurasa. Ndo maana ukiona Kindle imelala na picha imebaki kwenye skrini usishtuke, haimalizi chaji, hata ikifa kabisa picha inabaki. Na kwa kuwa skrini haikupigi mwanga machoni, inasomeka kwa mwanga wa nje kama karatasi, jua linavyozidi kuwa kali ndo maandishi yanazidi kuonekana. Simu ya laki nane ukiwa kituoni saa saba mchana Dar unaikinga na kiganja kama unaficha siri, hii unaishika hivohivo.

Usiku kuna taa ndogo 17 pembeni ya skrini, zinamulika juu ya maandishi na sio kuja usoni kwako, na unaweza kuzigeuza kutoka mwanga mweupe kwenda wa njano njano. Umeme ukikatika wewe unaendelea tu. Hapa niseme kitu maana kuna watu wanapenda kukitumia vibaya, kuna utafiti wa Boston uliotoka Desemba 2014, wanasema umethibitisha Kindle inaharibu usingizi. Hapana jamani. Waliopimwa walikuwa watu 12 na walikuwa wanasomea iPad ikiwa na mwanga mkali, wakalinganishwa na walewale wakisoma kitabu cha karatasi, na kweli wakisoma kwenye iPad walichelewa kulala. Hizo ni skrini mbili tofauti. Mimi sisemi Kindle ni dawa ya usingizi, nasema tu ushahidi ule ni wa iPad.

Betri inatangazwa wiki 10. Soma maandishi madogo: wiki 10 kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku, waifai imezimwa, mwanga uko namba 13. Piga hesabu, nusu saa mara siku 70 ni saa 35 za kusoma. Kwa msomaji wa kweli hizo saa 35 haziendi mwezi, na ukipandisha mwanga zinapungua. Lakini hata hivyo saa 35 ndugu yangu! Simu gani utaisomea saa 35 bila kuiona chaja. Kwa nyumba yenye umeme wa kuringa hii pekee ni hoja, unaenda kijijini Krismasi nzima na hugombanii soketi na shemeji.

Maji nayo. Imetengenezwa kuvumilia kuzama, lakini watu wa pwani nisikilizeni vizuri kwenye hili: maji baridi ya kawaida ni mita 2 kwa dakika 60, maji ya bahari ni robo mita kwa dakika 3 tu. Dakika tatu! Yaani Coco Beach usilete ubishi, chumvi sio rafiki yake. Mvua ya kituoni na chai iliyomwagika haina neno.

Ubaya wa kifaa chenyewe ni kwamba ni kizito wa akili. Ukibonyeza kinafikiria kwanza, menyu zinachelewa kufunguka, kuandika noti kwa ile kibodi ni adhabu, kila kurasa kadhaa skrini inajifuta kwa kumeta nyeusi mara moja, wengine inawakera mimi siioni tena. Kuna intaneti ndani yake ya kubahatisha, usiitegemee. Na kama umezoea kusoma huku unaruka kurasa mbele na nyuma, kitabu cha masomo chenye majedwali, michoro, maswali mwishoni mwa sura, hapa utateseka, chukua karatasi. Kifaa hiki ni cha kusoma moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Riwaya, wasifu wa watu, historia.

Haya tuingie dukani.

Menyu haina Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili ya kuja nayo haina, ukibonyeza neno la Kiingereza maana inaruka hapohapo juu na kwa mtu anayejifunza Kiingereza hiyo peke yake ni mwalimu wa bure, nimeona vijana wakipanda kwa hiyo, ila ukibonyeza neno la Kiswahili kimya. Ukitafuta vitabu vya Kiswahili utakuta vya watoto vya lugha mbili vilivyotengenezwa kwa ajili ya wazazi wa ughaibuni, vitabu vya kumfundisha mzungu salamu kabla hajapanda Kilimanjaro, vya dini, na riwaya za kuhesabu, huku zile riwaya zetu ambazo kila aliyepita sekondari anazijua wewe tafuta mpaka uchoke. Halafu bei ni za dola. Dola 9 kwa Mmarekani ni chakula cha mchana, kwako ni zaidi ya elfu ishirini na ukienda mezani kwa wauza vitabu vya mtumba Posta unaondoka na vitabu kadhaa na maongezi juu.

Kulipia ni kivyake. Duka linataka kadi. Kadi ya benki moja ya hapa mjini ilinikatalia huku salio lipo, nikapigiwa simu kuulizwa kama ni mimi, nikasema ni mimi, ikakataa tena. Siku hizi hizi kadi za mtandaoni za kutengeneza ndani ya M-Pesa zimerahisisha, unaweka hela inayotosha kitabu hicho tu, hata ikiibwa namba mwizi anakuta patupu. Na kuna vitabu hata ukiwa na hela unaambiwa havipatikani nchi yako, sababu haki za kuuza zinagawanywa kwa nchi na nchi yetu wengi hawakuikumbuka kwenye mgao.

Lakini kubwa zaidi ya hayo yote ni hili: hununui kitabu, unanunua ruhusa ya kukisoma. Ni kama mpangaji, chumba ni chako mpaka mwenye nyumba abadilishe mawazo. Sio maneno ya mtaani haya. Julai 2009 Amazon walifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya mwandishi Mwingereza George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kulipa, kwa sababu aliyewauzia hakuwa na haki navyo, kimojawapo ni 1984, ile riwaya yenye serikali inayofuta kumbukumbu, yaani hata ungetunga isingenoga hivyo. Walirudisha hela, na Jeff Bezos mwenyewe, bosi wao wa wakati huo, akaomba radhi, akasema lilikuwa jambo la kijinga. Mwaka 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu, vitabu vikayeyuka kwa kila mtu, hela zikarudishwa ndio lakini vitabu viliondoka, na aliyekuwa ameandika noti zake pembeni naye akaachwa na kifuta machozi. Februari 26, 2025 Amazon wakaondoa ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kutoka kwenye tovuti yao ukakiweka kwenye kompyuta yako. Na California wametunga sheria, imeanza Januari 2025, kwamba duka la kidijitali lisiandike tu "nunua" kana kwamba mali ni yako, lazima liseme wazi unachopata ni leseni. Kwa hiyo hata huko kwenye chimbuko lao wameshaona tatizo.

Wauzaji watakwambia GB 8 zinabeba maelfu ya vitabu, kweli zinabeba, ila kitabu cha karatasi nikimaliza nampa mdogo wangu, naye atampa mwenzake, kitarudi kimekunjwa pembe au hakitarudi kabisa na sote tutakuwa tumesoma. Cha Kindle kinabaki kwenye akaunti yangu. Kwa utamaduni wetu wa kuazimana, hiyo ni hasara kubwa kuliko wanavyofikiria waliotengeneza.

Basi tuilishe wenyewe. Njia zipo na ni halali kabisa kama faili umelipata kihalali. Tangu 2022 ile huduma yao ya Send to Kindle inapokea faili za EPUB, ambayo ndo aina ya faili inayotumika kila mahali duniani kwa vitabu, unatuma kwa barua pepe au kwenye tovuti, linatokea kwenye kifaa ukiwa na waifai. Usipotaka kupita kwao unachomeka waya wa USB unakopi mwenyewe, ila kwa waya EPUB haifunguki mpaka uigeuze kwanza, hiyo njia hawajaiondoa, waliyoiondoa ni ya vile vya dukani kwao. Halafu kwenye kompyuta weka Calibre, programu ya bure kabisa aliyoianzisha Kovid Goyal mwaka 2006, inabadilisha faili kutoka aina moja kwenda nyingine, inapanga majalada, inatoa nafasi za kijinga pembeni mwa kurasa. Sura yake ni mbaya, ina vitufe kama chumba cha rubani, ila vumilia, bila hiyo Kindle huku kwetu ni nusu kifaa. Vya Kiingereza vya zamani visivyo na mwenyewe viko Project Gutenberg, ule mradi alioanzisha Michael Hart Julai 4, 1971 kwa kuchapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, leo vimepita 70,000 na vyote bure.

Na PDF? Hapa ndo pana msiba wenyewe, maana Mswahili ukimwambia softikopi yeye anaelewa PDF, na PDF anaelewa WhatsApp.

PDF ziko za aina mbili na watu hawatofautishi. Kuna iliyotoka moja kwa moja kwenye kompyuta ya aliyeandika, hiyo ina herufi ndani, ukibonyeza neno linashikika, hiyo Calibre inaigeuza kuwa EPUB na ukifuta namba za kurasa zinazojipenyeza katikati ya sentensi inasomeka vizuri tu. Halafu kuna ile iliyopigwa picha, mtu kalaza kitabu mezani kapiga kurasa moja moja na simu, kidole gumba kinaonekana pembeni, ukurasa wa 64 umeruka, wa 65 uko mara mbili, kivuli cha simu kimefunika aya nzima. Hiyo sio maandishi, ni albamu ya picha. Kwenye inchi 6.8 herufi zinakuwa kama sisimizi, ukizikuza unasogeza kushoto kulia kushoto kulia mpaka kichefuchefu. Kuna kujiokoa kidogo, laza kifaa usome nusu ukurasa kwa nusu ukurasa, au tumia k2pdfopt, kaprogramu ka bure kanachokata mistari na kuipanga upya iingie kwenye skrini ndogo, lakini kwa picha mbaya hakuna muujiza. Na sehemu kubwa ya riwaya zetu maarufu, hizo za shule hasa, mtandaoni ziko kwa sura hiyo. Za wizi, tuite jina lake.

Nina hasira mbili kwenye hili na zinapingana. Ya kwanza ni kwa sisi wasomaji, magrupu yana watu mamia, mtu anaingia "wakuu nani ana ile riwaya fulani", dakika mbili kaitupia mwingine, "ubarikiwe mkuu", na mwandishi hajui, pengine yuko hai anauza nyanya. Ya pili ni kwa wachapishaji. Nikiwauliza kwanini hamuuzi softikopi wanasema wakiitoa itavuja. Jamani ilishavuja! Ilivuja kwa kidole gumba na kivuli. Mnachokataa kuuza ndo kinagawiwa bure kikiwa kibovu, na mtu kama mimi niliye tayari kulipa kwa faili safi sina pa kulipia. Toa EPUB nzuri, bei elfu tano, nilipe kwa simu, uone kama nitahangaika na ukurasa wa 64 uliopotea. Wapo watakaoendelea kuiba, ndio, na hao hawakuwahi kuwa wateja wako.

Na waliolielewa hilo mapema hawakuwa wachapishaji, walikuwa wale watunzi wa Facebook na WhatsApp ambao wasomi wanawadharau. Unajua wanavyofanya, sehemu ya kwanza bure, ya pili bure, unafika ya kumi mume karudi safari ghafla mgeni yuko chumbani, chini unaandikiwa full ni buku, tuma kwa namba hii. Unatuma, jina linatokea, unatumiwa faili. Hamna kadi ya dola, hamna "haipatikani nchi yako", hamna akaunti. Uhariri kiukweli mara nyingi ni majanga, koma hamna, Asha anaanza hadithi akiwa mrefu anaimaliza akiwa mfupi, lakini biashara ile imejengwa juu ya mfuko wa Mtanzania na simu ya Mtanzania, kitu ambacho Amazon yenye satelaiti zake haijakifanya. Na zile PDF zao kwa kuwa zimechapwa kwenye simu au kompyuta na sio kupigwa picha, kwenye Kindle zinageuka vizuri kuliko za vitabu vya maana. Nimesoma hadithi za buku kwa raha zangu zote kwenye kifaa cha laki kadhaa, na hii haijawahi kuandikwa kwenye reviu yoyote.

Kwa upande wa rasmi hali sio sifuri. Mkuki na Nyota wa Dar, nyumba aliyoianzisha Walter Bgoya 1991, vitabu vyao vinauzwa nje kupitia African Books Collective, ule umoja wa wachapishaji wa Afrika ulioanza 1989 wenye ofisi Oxford, na huko softikopi zipo, ila ukiangalia vizuri mkazo uko kwa maktaba za vyuo vya nje, kwa hiyo kitabu kilichochapwa Dar mwanafunzi wa Marekani anaweza kukifungua kwenye laptopu yake kirahisi kuliko mtu wa Mbagala. Kenya wametangulia kidogo, wana eKitabu tangu 2012, nguvu yake zaidi ni vitabu vya shule. Kwetu Taasisi ya Elimu ina maktaba yake mtandao yenye vitabu vya kiada, bure, vizuri kwa mwenye mtoto, lakini hivyo ni vya kufungua kwenye simu au kompyuta, kwa Kindle sahau. Na mwenye watoto wadogo aangalie African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha kwa lugha kibao za Afrika na Kiswahili kimo, leseni yake inaruhusu kupakua na kugawa. Picha zake ni za rangi lakini, kwenye Paperwhite zinageuka kijivu na mtoto atakuuliza simba mbona anaumwa. Tableti ya bei rahisi itamfaa zaidi.

Wanaoniambia vifaa hivi ni vya matajiri tu niwakumbushe shirika la Worldreader walianza 2010 kwa kupeleka Kindle kwa wanafunzi Ghana, baadaye wakaja mpaka Kenya, na miaka ilivyokwenda na wao wameegemea zaidi kwenye simu. Hiyo inaniambia kitu, hata waliokuja na Kindle mkononi waligundua msomaji wa huku tayari yuko kwenye simu. Sisemi walikosea, ila kusoma riwaya ya kurasa 400 kwenye simu ambayo kila dakika inalia ting, grupu la ukoo, grupu la harusi, grupu la mchango wa msiba, mimi siwezi. Uzuri mkubwa wa Kindle sio kile ilichonacho.

Kama hujanunua bado, kuna mbadala. Kobo, ya Rakuten, makao yake Toronto, inasoma EPUB moja kwa moja bila kugeuza chochote, na 2024 waliungana na iFixit ili watu wapate vipuri na maelekezo ya kujirekebishia, kwa nchi isiyo na wakala hilo sio dogo, fundi wa Kariakoo ukimpa bisibisi na mchoro anamaliza kazi. Shida yake ni kuipata, wanaorudi kutoka nje wanaleta Kindle, Kobo ni ya kuagiza kwa makusudi. Ningekuwa nanunua leo kwa ajili ya kusoma vya Kiswahili zaidi kuliko Kiingereza ningeangalia Boox ya Wachina, hiyo ndani ni Android yenye skrini ya E Ink, unaweka programu yoyote ya vitabu, hata hiyo WhatsApp wanayoiulizia kwenye mwendokasi. Ila bei inapanda, ile ndogo ya saizi ya simu inayoitwa Palma ilitoka kwa dola 279.99, na ukishaiweka WhatsApp umerudisha kelele zilezile ulizozikimbia, hapo ni wewe na nafsi yako.

Kwa wa mtumba, na wengi wetu ndo tutaishia huko, mambo machache. Kubali ya kuanzia 2018, kuanzia hapo Paperwhite haiogopi maji, ila kumbuka ya 2018 inatumia ule waya wa zamani wa micro, ya 2021 ndo USB-C. Usilipe kabla muuzaji hajaitoa kwenye akaunti yake na wewe ukaingiza ya kwako pale pale mezani mbele yake kwa waifai ya simu yako, maana iliyoripotiwa kuibwa haikubali kusajiliwa, na hapo imebaki kuwa kioo. Ifungue kwenye ukurasa mweupe uangalie mistari na madoa, skrini ikiumia ndani haitengenezeki kwa bei yenye akili. Zima mwanga, washa mwanga, peleka mpaka juu uone kama kona moja haina giza. Ukiona wakati imelala inaleta matangazo ya vitabu usidhani ina kirusi, hiyo ni ile inayouzwa dola 20 pungufu kwa sharti la kuonyeshwa matangazo, tumia tu kupunguza bei. Kava nunua, skrini haina kioo kigumu cha kuilinda na kwenye begi funguo zitaimaliza, za elfu kumi na tano zinatosha, mradi upime kwanza, ya inchi 6.8 haiingii kwenye kava la inchi 6 hata muuzaji aape vipi.